Ask, Question, Interrogate: Kupanua Msamiati wa Kiingereza kwa Visawe, Vinyume na Asili ya Maneno

Anayekijua Kiswahili hawaambii wafiwa kwamba baba yao "amekufa". Atasema amefariki, au ameaga dunia. Anayekufa ni kuku. Lakini mtu huyohuyo akipewa orodha ya visawe vya Kiingereza, huchukua chochote kana kwamba yote ni mamoja. Matokeo yake ni barua ya kuomba kazi inayosema mwombaji ni "notorious", yaani anajulikana kwa ubaya, wakati alitaka kusema "well known".

Kiingereza kina visawe vingi hivyo kwa sababu kimejengwa kwa matabaka. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kikawa lugha ya watawala kwa karne kadhaa. Kilatini nacho kiliingia kupitia kanisa na usomi. Ndiyo maana jambo moja lina maneno matatu: "ask" la wenyeji, "question" la Kifaransa, "interrogate" la Kilatini. Kiswahili kinacho kitu kama hicho: "uliza" ni la Kibantu, "saili" ni la Kiarabu. Kwenye kazi mtu hufanyiwa usaili, lakini bei ya nyanya sokoni unaiuliza tu. Mfano mwingine ni "kingly", "royal" na "regal". Neno la wenyeji mara nyingi ni fupi na la kila siku. La Kilatini huwa refu na rasmi. "Interrogate" limekwenda mbali zaidi: polisi humfanyia hivyo mtuhumiwa. Ukiandika kwamba mwanafunzi ali-"interrogate" mwalimu wake, umemvisha mwanafunzi sare ya polisi.

Maneno mengi ya Kilatini yamejengwa juu ya mzizi, yaani kipande cha neno kinachobeba maana ya msingi. Chukua daftari, kila mzizi uupe ukurasa wake. Juu andika mzizi na maana yake, chini maneno 5 hadi 7. Kila neno liandikie mambo manne: maana kwa Kiswahili, neno linaloandamana nalo, kinyume chake, na alama ya rejista, yaani mazingira ambamo neno hufaa. Kamusi zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza huandika "formal", "informal" au "disapproving" kando ya neno. Nakili alama hiyo kama ilivyo. Mzizi mmoja kwa siku, siku nne kwa wiki, unatosha. Siku ya tano ni ya kurudia.

Tuchukue "dict", kusema. "Predict" ni kusema kabla, kutabiri. "Contradict" ni kusema kinyume. "Verdict" limebeba "ver", kweli, nalo ni uamuzi wa mahakamani. "Benediction" ni baraka na "malediction" ni laana, kwa hiyo umepata kinyume bila jasho: "bene" ni vema, "male" ni vibaya, na hapo hapo "benevolent" na "malevolent" zimefunguka. "Indict" ni kumshtaki mtu rasmi; hutamkwa "indait", "c" haisikiki kabisa. Ukimaliza huo, endelea na "spect" (kutazama), "port" (kubeba), "scrib" au "script" (kuandika), "duc" au "duct" (kuongoza) na "cred" (kuamini).

Mzizi hukupa pa kuanzia, lakini usiuamini peke yake. "Ped" katika "pedestrian" ni mguu wa Kilatini. Katika "pediatrician" ni mtoto wa Kigiriki. "Nice" limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mjinga, na leo hakuna anayekasirika akiitwa hivyo. Kagua kamusi kila mara.

Vinyume ndipo Mswahili ana mtaji ambao wengi hawautumii. Tunasema kunja na kunjua, funga na fungua. Kiingereza hufanya kazi hiyohiyo mwanzoni mwa neno: "fold" na "unfold", "lock" na "unlock". Kwenye sifa kuna "in-", ambayo hubadilika kufuata herufi inayofuata: "impossible", "illegal", "irregular". Hapa pana mitego mitatu ya kukariri. "Invaluable" ni chenye thamani kubwa mno. "Inflammable" ni kinachoshika moto, sawasawa na "flammable". "Infamous" si asiyejulikana, ni mwenye sifa mbaya.

Mtego mwingine unatoka kwetu. Kopa na kopesha zina shina moja, kwa hiyo wengi hutumia "borrow" pande zote mbili. Kiingereza kimeyatenganisha: anayepokea ndiye ana-"borrow", anayetoa ana-"lend".

Tena, usiandike kinyume bila nomino. Kinyume cha "hard" kwenye mto wa kulalia ni "soft", kwenye mtihani ni "easy". "Old" kwa shati ni "new", kwa mtu ni "young". Andika "hard exam, easy exam" na utakuwa umesoma maneno mawili pamoja na mwenzi wao.

Rudia kila ukurasa siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30 tangu uuandike. Funika Kiingereza, soma Kiswahili, kisha tunga sentensi kwa sauti. Kusoma orodha kwa macho hukudanganya: neno unalifahamu ukiliona, likitakiwa mdomoni halipo. Likikushinda, linarudi siku ya 1.

Unapoandika insha, andika rasimu nzima kwa maneno yako ya kawaida. Baadaye badilisha mawili au matatu kwa aya, yale tu ambayo unajua yanaandamana na nini. Palipo na "use" paache; "utilize" mara nyingi huongeza herufi tu.