Kamera ya ndani ya waifai: kagua bando na umeme kwanza, kamera ndiyo ya mwisho

Watu huniuliza, “Fundi, kamera gani nzuri?” kabla hawajaniambia kama nyumba ina faiba au ina kiruta cha laini ya simu kinachohamishwa dirisha hadi dirisha kutafuta mtandao. Kamera ya bei mbaya kwenye nyumba isiyo na intaneti ya uhakika ni pambo la ukutani. Kwa hiyo naanzia pasipopendwa.

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumfungia kamera mama wa mteja wangu, Chumbageni, Tanga. Mwanawe anafanya kazi Muscat. Alitaka asubuhi amwone mamake ameshaamka, na mchana ajue kama dawa zimeshanywewa. Hakuna faiba, kuna ruta ya laini ya simu juu ya kabati la vyombo. Kama hali yako ni hiyo, fuata hatua zote. Kama una faiba, ya pili unaweza kuipitia juu juu. Ya tano usiiruke.

Hatua ya 1: Jua unataka kuona nini

“Nyumba nzima” si jibu. Taja mtu, mahali na jambo. Kwa yule mama jibu lilikuwa kiti chake cha sebuleni na mlango wa mbele, basi. Kamera moja ikatosha. Mwenye mtoto mchanga anataka sauti ya pande mbili na arifa mtoto akilia. Mwenye kuogopa mwizi anataka mlango, na rekodi za siku kadhaa nyuma.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya bando

Kamera ya 1080p, yaani picha ya HD kamili, kwa kawaida hutuma kama megabiti 1 mpaka 2 kwa sekunde. Chukua ile ndogo. Megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa, GB 10.8 kwa siku, na zaidi ya GB 320 kwa mwezi. Ndiyo maana kamera inayopeleka kila kitu klaudi, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni, usiku na mchana haifai kabisa kwenye bando la simu, hata muuzaji aisifu vipi.

Kamera inayorekodi kwenye memori kadi yake haili bando kwa kurekodi. Inakula unapoifungua kutazama ukiwa mbali, na kidogo sana kwa arifa. Yule wa Muscat akitazama nusu saa kila siku, nyumba ya Tanga inatumia GB 7 kasoro kwa mwezi. Hiyo inabebeka. Mzoeshe mtazamaji kufungua picha ya ubora wa chini kwanza, apandishe tu akitaka kuona kitu kwa karibu. Programu karibu zote zina kitufe hicho juu ya picha.

Ukipima kasi ya mtandao, usiangalie namba kubwa ya kupakua. Kamera inapakia. Pima ukiwa umesimama pale kamera itakapokaa, na upime saa mbili hadi saa nne usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Ukipata megabiti 2 za kupakia zisizoyumba, kamera moja itaishi vizuri.

Na akija mtu akikwambia lazima afungue porti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, mshukuru aende zake. Kwenye laini za simu, wateja wengi kwa kawaida wanachangia anwani moja ya IP ya hadharani, kwa hiyo porti unayoifungua nyumbani haifiki popote. Kamera za siku hizi huenda zenyewe kwenye seva ya mtengenezaji, na simu yako inaipata huko.

Hatua ya 3: Umeme

Ruta nyingi zinatumia volti 12, na kuna UPS ndogo, yaani betri za kushikilia umeme ukikatika, za kukaa nyuma ya ruta ambazo zinatoa volti 5, 9 na 12 kwa pamoja. Nunua hiyo kabla ya kamera. Kamera inayotumia USB ya volti 5 ni rahisi kuihami, maana hata pawabenki inaiwasha. Ila si kila pawabenki inaweza kuchajiwa huku inatoa umeme, na nyingine hukata kwa sekunde moja umeme ukienda, kamera ikajizima na kuanza upya. Ijaribu kwanza.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo kamera

Pikseli zisikudanganye. Kwa sebule ya kawaida 1080p inatosha, megapikseli 3 ni anasa nzuri, na zaidi ya hapo unalipia bando na kujaza kadi. Ukipata inayobana video kwa H.265 ni bora zaidi, kwa sababu picha ile ile inachukua nafasi ndogo kuliko kwa H.264. Lazima iwe na tundu la memori kadi. Na itoke kwa mtengenezaji anayeendelea kutoa masasisho.

Mimi hupendekeza Tapo C200, kamera ya TP-Link, au ndugu zake. Sababu yangu ni moja: zinatoa video kwa RTSP, njia ya wazi ya kurusha video ambayo programu nyingi zinaielewa, kwa hiyo unaweza kuiona hata kwa VLC kwenye kompyuta ya nyumbani, bila kuitegemea programu ya kampuni maisha yote. Ninachokichukia ni chaja yake ya volti 9. Ikiungua huwezi kuchomeka chaja ya simu, na ile UPS ya hatua ya tatu hakikisha ina tundu la volti 9.

Zile za umbo la balbu zisizo na jina sizifungi. Za betri pia si za ndani: zinalala na kuamka pakiwa na mwendo, na mara nyingi unarekodi mgongo wa mtu aliyeshapita.

Hatua ya 5: Memori kadi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kadi zimenila saa nyingi kuliko kamera zenyewe, na karibu kila “kamera mbovu” ninayoletewa ina kadi mbovu ndani.

Kwanza, ukubwa. Kwa megabiti 1 kwa sekunde, kadi ya GB 64 inabeba siku tano hivi za kurekodi mfululizo, ya GB 128 siku kumi na moja hivi. Video ikiwa ya megabiti 2, gawa kwa mbili. Ikijaa, kamera inafuta za zamani na kuandika juu yake. Soma kwenye boksi ukubwa wa mwisho ambao kamera inakubali kabla ya kununua kadi.

Pili, aina. Kadi ya simu imezoea kuandikwa picha chache kwa siku. Ndani ya kamera inaandikwa bila kupumzika, na inachakaa. Kuna kadi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama SanDisk High Endurance na Samsung PRO Endurance. Bei yake iko juu. Nunua hiyo hiyo.

Tatu, na hili ndilo linalouma: kadi zilizochakachuliwa. Kadi imeandikwa GB 128, kompyuta nayo inasoma GB 128, lakini ndani mna GB 8. Imefundishwa kudanganya. Kamera inaandika, nafasi ya kweli inaisha, kadi inaendelea kuitikia “nimepokea” huku inatupa au inaharibu kilichomo. Mwenye nyumba anaona alama ya kijani ya kurekodi kila siku. Siku anayotafuta tukio la juzi, anakuta vipande visivyofunguka. Ufungashaji haukusaidii kitu; nimeona boksi zuri lenye hologramu na kadi feki ndani.

Kuna njia moja tu ya kujua: jaza kadi yote, kisha isome yote. Kwenye Windows tumia H2testw. Ni programu ndogo ya bure, haihitaji hata kusakinishwa. Kwenye Mac na Linux kuna F3. Kadi iwe tupu, chagua kuandika na kuhakiki, uende ukapike. Kadi ya GB 64 inayoandika MB 15 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa moja kuandika peke yake, kisha inasomwa tena. Usikatishe njiani kwa sababu “mpaka sasa ni nzima”. Nyingi huonekana nzima mwanzoni. Tumia kisomeo cha kadi kinachoaminika, maana kisomeo kibovu nacho kinaleta makosa na utamlaumu muuzaji bure. Halafu kompyuta ikikuonyesha 59 kwenye kadi ya 64, usigombane na mtu, ni namna mbili tofauti za kuhesabu.

Huna kompyuta? Jaza kadi kwa video ndefu kupitia simu mpaka iseme imejaa, kisha icheze ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Si kipimo kamili, lakini feki nyingi zinaumbuka hapo. Na kabla hujalipa patana na muuzaji: ikifeli, unairudisha. Akikataa, hamia duka la pili.

Ikipita, iweke kwenye kamera na uifomati kupitia programu ya kamera, sio kwenye kompyuta. Kisha angalia saa. Kamera ya Tanga ilisajiliwa kwa simu iliyoko Muscat, na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo mama aliyekunywa chai saa mbili asubuhi alionekana kwenye rekodi saa tatu. Weka ukanda wa saa wa nyumba, sio wa mtazamaji.

Kesho yake fungua rekodi ya jana, ukiwa mbali na nyumba, icheze kweli. Rudia kila mwezi. Kadi inaweza kufa kimya kimya na programu ikaendelea kuiita nzima.

Na kama hofu yako ni mwizi, kumbuka akiing'oa kamera ameondoka na kadi. Hapo lipia klaudi ya matukio tu, vile vipande vifupi vya mwendo, au peleka RTSP kwenye kompyuta iliyofichwa chumba kingine. Kwa mama wa Tanga sikuona haja.

Hatua ya 6: Kuiunganisha

Kamera nyingi za ndani zinajua waifai ya 2.4 GHz tu. Kama ruta yako imeunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja na kamera inagoma, tenganisha majina, unganisha kamera, kisha ukitaka uyarudishe. Zima data ya simu wakati wa kusajili, na uiruhusu programu mahali na mtandao wa ndani. Mengine programu itakuongoza.

Hatua ya 7: Pa kuiweka

Pembeni mwa chumba, juu ya kimo cha mtu, isitazame dirisha. Mchana dirisha linaifanya sura ya mtu kuwa nyeusi. Usiku, ukiielekeza nje kupitia kioo, taa zake za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho unaoisaidia kuona gizani, zinagonga kioo na kurudi. Utaona weupe mtupu.

Feni ya dari na pazia vitoe kwenye eneo la kupimia mwendo, la sivyo simu italia mpaka uzime arifa zote, na hapo kamera imekwisha kazi. Mwingine wa kumwangalia ni buibui. Wadudu wanaizunguka kamera usiku, buibui anafuata chakula, anatega utando mbele ya lenzi, na utando ule mwembamba ukimulikwa na infraredi unang'aa kama kamba nene inayocheza. Tanga nilikuta arifa lukuki za usiku mmoja, zote za uzi mmoja. Kitambaa kikavu kila wiki, dada wa nyumbani ameshajua.

Hatua ya 8: Neno la siri, na watu wa nyumbani

Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyotoka nayo kiwandani. Badilisha lako, lisifanane na la barua pepe, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Halafu usijipe uhakika kupita kiasi: Februari 2024 kampuni ya kamera ya Wyze ilikiri kuwa wateja wapatao 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao, na kosa halikuwa la neno la siri la mtu. Kwa hiyo chumba cha kulala na njia ya bafuni havipigwi kamera, iwe ya kampuni gani.

Kila anayeishi pale ajue kamera iko wapi na inaona nini, dada wa kazi akiwemo. Mwonyeshe picha yenyewe kwenye simu. Yule mama aliniuliza, “Mwanangu, hilo jicho litanitazama na nikivua mtandio?”

“Ukitaka lisione, mama, linafumbwa,” nikamwambia. Nikaiweka programu kwenye simu yake pia, na nikamwonyesha kitufe cha faragha, kile kinachokata picha na rekodi kwa pamoja. Mwanawe hakufurahi, alitaka kitufe awe nacho yeye peke yake. Nilimwambia kwamba nyumba ni ya mama yake.

Hatua ya 9: Zima swichi kuu

Kabla hujakunja nyaya, itoe UPS, ruta na kamera zichomeke ukutani moja kwa moja, zima swichi kuu ya nyumba, hesabu dakika tano, washa. Ruta itachukua dakika moja au mbili kupata mtandao, na kamera itakuwa imeshaamka kabla yake. Inatakiwa isubiri na kujiunga yenyewe bila mtu kuigusa. Kisha rudia zikiwa kwenye UPS; safari hii picha isikatike kabisa. Kamera isiyorudi yenyewe irudishe dukani ungali na risiti, kwa sababu mwenye kuitazama yuko Muscat na mwenye kuizima na kuiwasha ni mama wa watu mwenye magoti mabovu.