Ifunge skrini kwenye ubao kabla ya kuiingiza kabatini

Unapoweka skrini mpya ndani ya kabati la mashine ya gemu, usiifunge moja kwa moja kwenye kabati, bali ifunge kwanza kwenye ubao wa plaiwudi, kisha uufunge ubao huo kwenye miti miwili iliyosimamishwa pembeni, kupitia matundu marefu badala ya ya duara. Skrini bapa nyingi zina matundu manne mgongoni, yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 100 au 75, na kwa kawaida hupokea skrubu za M4, yaani zenye unene wa milimita 4. Tundu refu hukuruhusu kuupandisha, kuushusha au kuunyoosha ubao hadi picha ilingane na uwazi wa mbele, ndipo ukaze. Uzito wote nao hubebwa na mbao, wala si fremu ya plastiki ambayo hupasuka kirahisi. Kabla ya kwenda Kariakoo kununua skrubu, pima kina cha tundu la mgongoni mwa skrini kwa njiti ya kiberiti, kwa sababu skrubu iliyozidi urefu inaweza kuharibu vifaa vya ndani. Epuka ubao wa maranda, kwani unyevu wa Dar es Salaam huuvimbisha na skrubu zikalegea.

Njia hii haifai kwa skrini isiyo na matundu mgongoni. Na ikiwa unayoitoa ni ile ya zamani yenye kisogo kirefu, mwachie fundi wa televisheni aishughulikie, kwani hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.