Mzula (kofia ya kufuma) wa baridi wa rangi rangi kwa donge moja la uzi, unaanzia utosini unashuka

Huku Minnesota ikifika Januari unatoka nje masikio yanauma kabla hujafika kituo cha basi, joto la hasi 20 Selsiasi ni siku ya kawaida tu, ndo maana kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi kroshia yangu (kile kijiti cha kufumia chenye ndoano) haikai chini. Nimefuma mizula ya wanangu, ya mashemeji, ya mama yangu kule Njombe (mwezi wa sita na wa saba Njombe nayo haina mchezo na mtu), na unaoulizwa kila mahali ni ule wenye mistari ya rangi rangi, watu wanadhani nimekata nyuzi nane nikaziunga moja moja. Hapana jamani, ni donge moja tu, uzi wenyewe ndo unabadilika rangi, wewe kazi yako ni kufuma usimame pale inapotakiwa.

Kama uliwahi kumuona mama au bibi anafuma vitambaa vya makochi basi nusu ya kazi unaijua tayari, ni kroshia ile ile ila kubwa zaidi, na uzi mnene.

Tuanze na uzi maana hapa ndo wengi wanaharibu. Kuna uzi wa rangi mchanganyiko ambao rangi inabadilika kila baada ya sentimita chache, ule ukifuma unatoka madoadoa, hautoi mstari hata ufanyeje. Tunaoutaka sisi ni ule uliopakwa rangi kwa vipande virefu vya mita nyingi, yaani unafuma nyekundu mpaka unaanza kuizoea alafu taratibu inaingia chungwa, alafu njano. Dukani angalia donge lenyewe, ukiona rangi zimelala tabaka tabaka kama keki basi ni mrefu, ukiona zimechanganyikana kama kachumbari uache. Unene chukua ule wenye namba 4 kwenye lebo, ni wa kati, unafaa kofia kuliko wowote.

Sasa sufi ya kondoo au akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani? Kwa baridi kali mi nasema sufi, inatunza joto hata ikilowa theluji. Mfano Noro Kureyon ya Japani ni sufi tupu, donge la gramu 50 lina mita 100, na rangi zake jamani ni nzuri mno, ila inawasha kidogo kwenye paji la uso na kwa mzula wa mtu mzima donge moja linaisha karibu lote, ukitaka na pomponi au ukingo wa kukunja litaishia pabaya sana, chukua 2. Akriliki ni bei poa, haiwashi, inaingia kwenye mashine ya kufulia bila wasiwasi, kwa watoto naiona ndo yenyewe. Mfano Caron Cakes ni akriliki asilimia 80 kwa sufi 20, donge la gramu 200, mita kama 350. Lakini kabla hujakimbilia donge kubwa nisikilize hapa kwanza.

Upana wa mstari haupangi wewe, unapangwa na urefu wa rangi kwenye uzi na ukubwa wa mzunguko unaofuma. Jaribu hivi, fuma stichi kama 20 alafu fumua 10 uupime uzi uliotoka, mimi hupata sentimita 60. Kwahiyo stichi moja inakula sentimita 6. Mzula wa mtu mzima una stichi 72 kuzunguka, maana yake raundi moja inakula mita 4 na robo hivi. Kama rangi moja ina urefu wa mita 13 basi unapata mstari wa raundi 3, unapendeza sana. Ila donge la mita 350 lenye rangi 5 tu, kila rangi ina mita 70, na mzula mzima haufiki mita 100, kwahiyo utatoka na rangi mbili basi, donge lilikuwa na upinde wa mvua mzima wewe umevaa zambarau na kijivu. Dada mmoja kanisani alinunua hivyo akaumia kweli. Tafuta donge ambalo rangi zinabadilika mapema.

Na jambo lingine linalotokana na hesabu hiyo hiyo, utosini raundi ni ndogo, stichi 8, 16, 24, kwahiyo hizo mita 13 za rangi ya kwanza zinafunika karibu raundi 7 zote za juu. Usishtuke ukaanza kufumua. Utosi utakuwa rangi moja kubwa kama ua alafu mistari inazidi kuwa myembamba unavyoshuka, ndivyo ulivyo na ndo uzuri wake. Kwahiyo chagua rangi unayotaka ikae utosini, vuta uzi mpaka uifikie ndo uanze, ule uliovutwa usiutupe utafanyia pomponi, kile kibonge cha uzi cha juu ya mzula. Ukitaka mistari iliyo sawa kabisa toka mwanzo hadi mwisho basi fuma kwa upande, kama skafu fupi ya stichi 30, kila mstari wa kufuma unakula kiasi kile kile, ukifika mzunguko wa kichwa unashona mwanzo na mwisho pamoja alafu unavuta juu na uzi mpaka pafunge, mistari itasimama wima. Ni rahisi kwa anayeanza ila mimi napenda wa duara.

Vitu vya kuwa navyo: kroshia ya milimita 5 na nyingine ya 4.5, mkasi, sindano butu yenye tundu kubwa, futi kamba, na kipande cha uzi wa rangi tofauti cha kuwekea alama.

Stichi ninayotumia mwanzo mpaka mwisho ni nguzo nusu, yaani ile ya katikati kati ya fupi na ndefu. Unazungushia uzi kwenye kroshia mara moja, unachomeka kwenye tundu, unavuta uzi, hapo una vitanzi vitatu kwenye kroshia, unazungushia tena unavuta kupita vyote vitatu kwa mpigo. Basi. Ukiangalia video ujue Wamarekani wanaiita hafu dabo na Waingereza wanaiita hafu trebo, ni kitu kile kile, angalia paterni imeandikwa na nani la sivyo utafuma stichi siyo. Na kwanini nusu na siyo ndefu ambayo inakimbia haraka? Mzula wangu wa kwanza huku niliufuma kwa nguzo ndefu, ulipendeza mezani, nikauvaa asubuhi upepo ukapita kwenye matundu yote kama sijavaa kitu, nilifika kazini masikio siyasikii. Nguzo nusu inabana, haina madirisha.

Haya tuanze. Funga kitanzi cha mwanzo kwenye kroshia ya 5, piga mnyororo mara 2 (zungushia uzi, uvute kupita kwenye kitanzi), alafu kwenye ule mnyororo wa kwanza kabisa, wa pili kuhesabu kutoka kwenye kroshia, fuma nguzo nusu 8 zote ndani ya tundu hilo hilo moja. Tayari una duara dogo kama kifungo. Usiunge, wewe endelea kuzunguka tu kama ganda la konokono, ndo maana tunahitaji ule uzi wa alama, uweke kwenye stichi ya kwanza ya kila raundi na kila ukifika hapo unauhamisha, usiponiamini ukaacha kuweka alama utapotea raundi ya nne.

Raundi ya 2 weka stichi 2 kwenye kila tundu, unapata 16. Raundi ya 3 weka moja, kisha mbili kwenye tundu moja, moja, mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho, 24. Raundi ya 4 moja, moja, mbili, 32. Umeona inavyoenda, kila raundi unaongeza stichi moja ya kawaida kabla ya ile ya mbili mbili, na kila raundi jumla inapanda kwa 8: 40, 48, 56, 64, na raundi ya 9 unafuma saba za kawaida kisha mbili, unafika 72. Hesabu mwisho wa kila raundi, tafadhali, kila raundi, kukosa stichi moja sasa hivi ni rahisi kurekebisha kuliko kukosa tano baadae.

Laza duara juu ya meza. Linatakiwa lilale bapa kama chapati. Likijikunja pembeni kama marinda ya gauni umeongeza mno au unafuma kwa kulegeza, likiinama katikati kama bakuli umeongeza kidogo au unakaza sana. Pima kutoka ukingo hadi ukingo, mtu mzima liwe sentimita 16 hadi 17. Likiwa 15 badili kroshia uchukue kubwa zaidi, usijidanganye eti litavutika.

Vipi kuhusu kichwa? Zungusha futi kamba juu kidogo ya masikio, wengi wazima wanakuja kwenye 56 hivi, na mzula unatakiwa upungue kama sentimita 4 au 5 ili ubane, ukifuma sawa na kichwa utashuka machoni. Stichi 72 zinatoa kama 51, ziko sawa. Kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano simamia 64, kwa mtoto wa miezi simamia 56, mengine yote ni yale yale, unapunguza tu urefu.

Kutoka hapo hakuna kuongeza tena. Stichi moja kila tundu, raundi 11, na hapa ndo raha ilipo, utaona ukingo unaanza kujikunja kushuka chini na rangi zinaanza kupishana, unajikuta unasema ngoja nione rangi inayofuata alafu nilale, saa sita ya usiku bado umekaa. Usikate uzi. Narudia usikate uzi hata kama imekuja rangi huipendi, mimi nilishakata kahawia moja nikaunga bluu iliyokuwa mbele na mpaka leo ule mzula una sehemu mistari imeruka ghafla kama mtu karuka sentensi, ile kahawia ndo ilikuwa inaifanya bluu iwake. Ukikutana na fundo la kiwandani na rangi baada ya fundo siyo inayofuatana, hapo sasa kata, vuta uzi mpaka ufikie rangi ile ile uliyoishia ndo uunge. Ukianza donge la pili ni hivyo hivyo, na hakikisha unalivuta upande ule ule, kama la kwanza ulivutia ndani na la pili uvutie ndani, sababu ukigeuza rangi zinakuja kinyumenyume.

Ukingo. Shika kroshia ya 4.5. Badala ya kuchomeka juu kwenye tundu unachomeka kuzunguka mwili wa nguzo yenyewe, moja kutokea mbele, inayofuata kutokea nyuma, mbele, nyuma, mpaka mwisho, 72 inagawanyika kwa mbili kwahiyo haikusumbui. Raundi zinazofuata ya mbele juu ya mbele, ya nyuma juu ya nyuma. Raundi 4 zinatosha, unapata mifereji inayovutika kama ukingo wa sweta na inabana masikio vizuri. Jumla kutoka utosini mpaka chini iwe kama sentimita 21. Mtu akitaka wa kukunja fuma raundi 8 badala ya 4. Malizia na stichi fupi moja (chomeka, vuta uzi, zungushia, vuta kupita vitanzi vyote viwili) na moja ya kuteleza (chomeka, vuta uzi kupita vyote kwa mpigo) ili ngazi ya mwisho isionekane, kata uzi uache shibri moja, vuta.

Mikia ya uzi ifiche kwa sindano butu, pitisha kwenye rangi inayofanana nayo, enda, rudi, enda tena, mara tatu, ukipitisha mara moja itachomoka siku ya kwanza ya kufua.

Kwa pomponi chukua ule uzi uliovuta mwanzo, zungushia kwenye vidole vinne kama mara 100, funga katikati kwa nguvu zako zote na uzi imara, kata vitanzi pande zote mbili uupunguze kwa mkasi uwe duara. Uufunge kwa ndani, usiushone moja kwa moja, ili siku ya kufua uutoe.

Kwa baridi ile ya hasi 20 mi nashonea ndani mkanda wa flisi (kile kitambaa laini cha joto) upana wa sentimita 8 unaozunguka masikio na paji la uso, kwa mkono tu, sindano ya kawaida, na hata ile sufi inayowasha haikugusi tena. Sufi fua kwa mkono, maji ya baridi, usisugue, ilaze bapa juu ya taulo ikauke, ukiitia maji ya moto na kuisugua inasinyaa inakuwa ngumu kama kadibodi na hairudi. Akriliki tia kwenye mashine lakini pasi usiiguse nayo, inayeyuka.