Somo: Kigari cha gofu kinachokata umeme njiani na kurudi chenyewe

Hakuna ugonjwa wa kigari unaonikera kama huu. Kinazima katikati ya mwinuko, vijana wanakisukuma hadi karakana, wewe ukikanyaga pedali kinaondoka kama kwamba hakijawahi kuumwa. Uwanja mmoja wa huku kando ya ziwa uliwahi kununua kontrola mpya (kisanduku kinachogawa umeme wa kwenda kwenye mota) kwa sababu ya kisa cha aina hii. Ikafungwa, kigari kikatembea siku mbili, siku ya tatu kikalala tena kwenye shimo la tano. Nilipoitwa nikakuta kebo fupi ya kuunganisha betri mbili imeoza ndani ya mpira wake, nje inang'aa. Kebo kama hiyo pale Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, wanakubania vichwa vipya chai yako haijapoa.

Kwa hiyo humu sitakwambia ununue nini. Nitakuonyesha namna ya kukipima kikiwa kinaumwa, maana kikiwa kizima mita ya volti itakwambia kila kitu ni sawa, na itakuwa inasema kweli. Nachukulia kigari cha volti 48 chenye betri sita za maji za volti 8. Ndicho ninachokutana nacho zaidi kuanzia Entebbe hadi Kigo.

Kabla ya kugusa chochote

Vua pete, saa na bangili. Zima ufunguo, weka swichi ya chini ya kiti upande wa kukokota, usubiri dakika chache, kwa sababu ndani ya kontrola kuna umeme uliohifadhiwa. Spana yako izungushie utepe wa umeme uache mdomo tu. Betri zikichajiwa hutoa hewa inayolipuka, basi sigara ibaki nje. Ukifungua kebo, anza na hasi kuu.

Hatua ya 1: Mhoji dereva

Wengi huiruka, nami huona ni nusu ya kazi. Kinazima baada ya mashimo mangapi? Kwenye mwinuko, kwenye matuta, au hata tambarare? Mvua ilinyesha? Na swali kubwa: kikiwa kimezima, ukikanyaga pedali unasikia "tak" chini ya kiti?

Kinachozima mwinukoni kikarudi baada ya kupumzika dakika kumi, nashuku betri au joto. Kinachozima kikiruka tuta, nashuku waya uliolegea. Kisichotoa "tak", shida iko kwenye waya nyembamba: ufunguo, swichi ndogo ya pedali, swichi ya mbele na nyuma, fyuzi. Kinachotoa "tak" na hakiendi, shida iko kwenye kebo nene, kwenye solenoidi yenyewe (swichi kubwa ya umeme inayotoa hiyo "tak"), au mbele yake.

Hatua ya 2: Macho na mkono

Kiendeshe nusu saa na watu wawili juu, kisha ukizime na ufungue kiti mara moja. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila kiungo cha kebo. Kiungo kizuri kina joto lile lile la wenzake. Kilicholegea kinachoma, na wakati mwingine risasi ya kichwa cha betri imeanza kuyeyuka. Halafu vuta kila kebo na uipinde karibu na kichwa chake. Ikilainika kama kamba, au ukiona unga wa kijani ukichungulia, hiyo imekwisha.

Unga mweupe juu ya betri uoshe kwa bekingi soda na maji, vifuniko vikiwa vimefungwa. Suuza, kausha, kaza nati, paka vaselini. Usipake vaselini kabla ya kukaza! Nimeona mtu mzima amefanya hivyo na alikuwa na cheti ukutani.

Hatua ya 3: Betri

Chaji usiku kucha, chomoa chaja, acha betri zikae saa kadhaa. Zote kwa pamoja zinapaswa kusoma karibu volti 50.9, yaani kila moja karibu 8.5. Ukipata 48.4 hivi, umebaki na nusu ya chaji. Uliza kwanza kama umeme ulikatika usiku kabla ya kulaumu betri.

Kipimo cha mapumziko, hata hivyo, kinaficha mengi. Betri mbovu ikipumzika inaweza kusoma vizuri kabisa. Ipime ikibeba mzigo: mwenzako apande nacho mlima, wewe usome moja moja. Nzuri itashuka kidogo tu. Ile inayoanguka chini ya volti 7 wakati wenzake wako kwenye 7.7 ndiyo mgonjwa. Ukiwa na haidromita (kipima uzito wa maji ya betri), seli, yaani chumba kimoja cha betri, iliyojaa inasoma kati ya 1.265 na 1.280, na seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050 ni dhaifu.

Hatua ya 4: Mita kwenye dashibodi

Hapa ndipo somo lilipo. Tafuta waya mbili ndefu za kutoka betrini hadi kwenye usukani, kila moja uiwekee fyuzi ndogo ya ampea 1 upande wa betri, ili zikigusana zisikuunguze. Mita ifunge kwa utepe mahali unapoiona. Sasa endesha, tena endesha pale pale kinapozimia.

Kwanza unganisha kwenye chanya kuu na hasi kuu. Kikizima, tazama namba haraka. Ikianguka hadi thelathini na kitu, tatizo ni betri au kebo baina yao, rudi hatua ya 2 na ya 3. Isipoanguka, betri hazina kosa.

Safari ya pili, hamishia waya kwenye vichwa viwili vikubwa vya solenoidi. Kigari kikitembea, mita isome karibu sifuri. Ikisoma nusu volti na kupanda, mdomo wa ndani unaopitisha umeme umeungua. Ikiruka ghafla hadi volti za betri zote, solenoidi imejifungua njiani. Je, imejifungua yenyewe au imekatwa? Safari ya tatu itajibu: weka waya kwenye vichwa vidogo vya koili, ule waya wa ndani unaoifunga solenoidi ukipata umeme. Solenoidi imefunguka na koili bado ina umeme, badilisha solenoidi. Koili imekosa umeme, iache solenoidi ya watu na ufuate waya nyembamba kurudi kwenye ufunguo na pedali. Swichi ndogo ya pedali ndiyo ninayoikuta mara nyingi. Mara moja nilikuta sisimizi wamehamia humo na mayai yao.

Hatua ya 5: Mengine

Umeme unafika, solenoidi imeshika, kigari hakiendi? Zimebaki kipima-pedali (kinachoiambia kontrola umekanyaga kiasi gani), sensa ya mwendo nyuma ya mota, brashi za mota na joto la kontrola. Kwenye kipima-pedali cha omu 0 hadi 5,000, chomoa waya zake, kanyaga polepole, namba ipande bila kuruka. Aina nyingine hazipimwi kwa omu, soma kitabu cha kigari chako. Sensa ya mwendo ikichoka, kigari hushtuka-shtuka kabla ya kukata. Kontrola iwe ya mwisho kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (dereva wa wageni, Kigo): Fundi, habari ya kazi. Changu kinazima kikiwa na watu wanne kupanda kutoka ziwani. Nikikaa kidogo kinarudi. Betri zina miaka minne, ila moja tulibadilisha mwaka huu.

Jibu: Nzuri, kaka. Betri mpya kati ya wazee watano hulazimishwa kuishi maisha yao. Ila usiitupe, pima zote sita mlimani kwa hatua ya 3 uniletee namba.

Swali (mtunza uwanja, Jinja): Vigari vyetu huzima kila baada ya mvua, jua likiwaka vinapona. Kwenye kuosha tunatumia pampu.

Jibu: Ssebo, pampu ndiyo inayowaumiza. Maji yanaingia kwenye soketi za waya nyembamba na ndani ya swichi za pedali. Fungua soketi moja moja, kausha, angalia pini za kijani. Kuanzia leo chini ya kiti futeni kwa kitambaa. Kwenye uwanja wenu hata mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko una kanuni ya kuuokoa, kigari nacho mkionee huruma.

Swali (Fort Portal): Je, naweza kuunganisha vichwa vikubwa vya solenoidi kwa spana nijaribu kama ndiyo mbovu?

Jibu: Hapana. Cheche yake inaweza kuigandisha spana, kuua kontrola, au kigari kikakurukia. Mita inakupa jibu lile lile. Na ukibadilisha solenoidi, rudisha resista na dayodi zilizofungwa kwenye vichwa vyake, dayodi ikitazama upande ule ule.

Swali (Kampala): Tuliweka betri ya lithiamu. Inakata ghafla, mara moja, kisha ukizima na kuwasha inarudi. Volti ziko juu.

Jibu: Dada, hiyo si sawa na betri za maji. Ndani yake kuna ubao unaoilinda, na ukiona mkondo umezidi unakata bila kuaga. Tazama ampea ambazo ubao unaruhusu, kisha ampea ambazo kontrola inaweza kuvuta. Kontrola ya ampea 300 kwenye ubao wa 100 itakukatia kila mlima. Punguza nguvu za kontrola kama inakubali, au aliyekuuzia akubadilishie.

Swali (Entebbe): Dukani niliomba maji ya betri wakanipa chupa, nikaongeza. Sasa fundi mwingine anasema ni asidi.

Jibu: Chupa ya asidi huandikwa, isome. Betri inayotumika huongezewa maji yaliyochujwa kwa mvuke tu, tena baada ya kuchaji. Kama ni asidi kweli, vipimo vya haidromita havitakwambia ukweli tena, usivitegemee.

Swali (yule wa Kigo tena): Fundi, nimepima. Zote ziko 7.6 hadi 7.8, ya nne imeanguka hadi 6.1. Niagize?

Jibu: Ncha za mita uliziweka wapi, kwenye risasi yenyewe ya betri au kwenye nati ya kebo? Kama ni kwenye nati, umepima betri na kiungo chake pamoja. Rudia ncha zikiwa juu ya risasi. Ikibaki 6.1, ibadilishe. Ikipanda hadi 7.6, kinachohitajika ni kebo na brashi ya waya.