Kuunganisha ukwapi na utao kwa rejeksi

Ukinakili mashairi kutoka PDF, mara nyingi mshororo hukatika katikati: ukwapi (kipande cha kwanza) unabaki juu, utao (kipande cha pili) unashuka mstari wa chini. Rejeksi (regular expression), yaani ruwaza ya kutafutia maandishi, inaweza kuviunga tena.

Karafuu za Mtambwe
zaanikwa majamvini
mwenye jamvi asitumwe
mvua ipo mawinguni

Kwa anayechapa diwani za malenga wetu hapa Pemba, kuunga haya kwa mkono ni kujitesa bure.

Hatua ya 1. Fungua faili kwenye Notepad++ (programu ya kuhariri maandishi matupu), bonyeza Ctrl+H, chagua "Regular expression". Usijaribu ndani ya LibreOffice Writer. Utafutaji wake hauvuki aya. Kisanduku cha ". matches newline" kiache bila tiki. Katika rejeksi nukta ni herufi yoyote, na `.+` ni herufi moja au zaidi. Kisanduku kikiwa na tiki nukta inavuka mistari, na `.+` itameza diwani nzima kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 2. Futa nafasi zilizobaki mwisho wa mistari. Tafuta `[ \t]+$`, sehemu ya kubadilishia iache tupu. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanalalamika. Mstari unaotenganisha beti ukiwa na nafasi moja tu, wewe unauona mtupu lakini rejeksi inaona kuna kitu, na beti mbili zitagandana.

Hatua ya 3. Sasa kazi yenyewe.

Tafuta: `^(.+?),?\R(.+)$`
Badilisha: `\1, \2`

Mabano ya kwanza yanashika ukwapi, ya pili utao; `\1` na `\2` zinavirudisha. `,?` inaondoa mkato uliokuwapo tayari, usije ukapata miwili. `\R` ni mwisho wa mstari wa aina yoyote: Windows hutumia `\r\n`, Linux `\n` peke yake. Lugha za programu za Python na JavaScript haziijui `\R`. Humo andika `\r?\n`. Matokeo yake ni haya:

Karafuu za Mtambwe, zaanikwa majamvini
mwenye jamvi asitumwe, mvua ipo mawinguni

Ninachokipenda hapa ni kwamba `.+` inadai angalau herufi moja, kwa hiyo mstari mtupu ni ukuta. Ubeti mmoja ukivurugika, unaofuata unaanza upya salama.

Bonyeza "Replace All" mara moja tu. Ukirudia, mishororo yenyewe itaanza kuungana.

Hatua ya 4. Tafuta `^(?!.*, ).+$`, yaani mistari isiyo na mkato wenye nafasi baada yake. Hapo utakamata beti zenye mistari witiri. Kwa kawaida ni mshororo mmoja uliotoka mzima kwenye PDF ukawasukuma wenzake. Hizo zirekebishe kwa mkono.