Kupiga Noti Mbili kwa Mkono Mmoja
Mpiga kinanda wa kwaya hapa Tabora, aliyezoea kusoma nyimbo kwa do-re-mi, aanze na jozi tatu tu za noti zinazopigwa kwa pamoja kwa mkono wa kulia: do na mi kwa kidole gumba na cha kati, re na fa kwa cha shahada na cha pete, kisha mi na so kwa cha kati na kidole kidogo. Noti moja ikitangulia nyingine, hata kidogo, apunguze mwendo hadi mapigo 60 kwa dakika, jozi moja kwa kila pigo. Ugumu halisi uko kwenye kidole cha pete, ambacho kano zake zimeungana na za jirani zake, hivyo asikilazimishe kuinuka sana. Mkono ukiuma, apumzike.