Pima kiuno, si suruali

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Kayole, Nairobi. Nikiingia nyumbani kwa watu na tepu ya fundi wa nguo, wanaume huniwahi: "Mimi ni saizi 36, sina kitambi." Mzee wangu, suruali hiyo umeifungia chini ya kitambi. Haijapima kitu.

Kiuno tunachotafuta kiko juu zaidi. Pandisha shati. Papasa ubavuni uupate ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, utie alama ya kalamu katikati ya sehemu hizo mbili. Simama miguu pamoja, mikono ikining'inia. Zungusha tepu hapo. Iguse ngozi bila kubana, na mtu akuangalizie mgongoni isije ikashuka. Toa pumzi kawaida, ndipo isomwe. Ukivuta tumbo ndani nitakungoja tu, mwishowe utapumua.

Mwanamume akifika sentimita 94, au mwanamke 80, ajihadhari na kisukari na maradhi ya moyo. Mipaka hiyo sisi Waafrika tuliazimiwa kutoka kwa Wazungu, kwa hivyo mimi napenda zaidi uzi. Kata uzi sawa na kimo chako, ukunje mara mbili, uzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya kimo. Mwenye kimo cha sentimita 170 anatakiwa abaki chini ya 85.

Wale vijana wa mizani mjini watakupa kilo zako, lakini mizani haijui mafuta yamekaa wapi. Ya mapajani hayana makali kama yale ya ndani ya tumbo, yanayomwagikia ini mpaka insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ikalemewa.

Tepu hata hivyo hainong'oni majibu ya damu. Ili daktari aseme una sindromu ya metaboliki, yaani dalili za hatari ya kisukari na moyo zilizokusanyika kwa mtu mmoja, anataka mambo matatu kati ya matano: kiuno kipana, presha kuanzia 130 kwa 85 (namba moja ikifika yatosha), sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6 (kwa mmol/L, kama namba zinazofuata), trigliseridi, aina ya mafuta ya damu, kuanzia 1.7, kolesteroli nzuri chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa tayari unameza dawa ya presha, hiyo imehesabiwa, hata kama leo mashine inasoma vizuri. Presha na sukari mwulize mhamasishaji wa mtaa wako. Trigliseridi na kolesteroli ni za maabara.

Mjamzito hapimwi hivi. Wengine mrudie kila baada ya miezi michache, asubuhi kabla ya chai, palepale katikati ya ubavu na nyonga.